Kamba Kwenye Kifundo cha Mguu

Filamu ilionyeshwa saa nane mchana katika ukumbi wa harusi pale Nyahanga, mjini Kahama. Madirisha yalizibwa kwa maturubai ya bluu ili ukumbi uwe na giza, lakini bati lilikuwa na matundu ya misumari na kila tundu lilishusha mshale wake wa jua. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki vya harusi, vingine bado vina tepe za rangi mgongoni. Mimi niliwekwa mstari wa pili kwa sababu nilikuwa mmoja wa wale ambao filamu iliwahusu. Kulia kwangu alikaa mtoto wa miaka tisa aliyevaa gauni la sherehe lililokuwa limembana kwapani. Kulia kwa mtoto alikaa mama yake, mwenzangu wa zamani, amefunga kilemba kipya na kukishusha hadi chini ya taya.

Niliwaalika mimi. Nilimpigia simu mwenzangu kule machimboni upande wa Geita, nikamwambia filamu imekamilika na kwamba safari hii ataonekana. Nilisema kwa uhakika. Mtayarishaji alikuwa amenihoji kwa kamera asubuhi nzima, nami nilimweleza kila kitu bila kuficha. Mwenzangu akauliza kama anaweza kuja na mwanawe, kwa sababu mtoto amekuwa akimwambia kuwa anadanganya.

"Nimemwambia mimi ndiye niliyeimba," alisema. "Anacheka."

Nilimwambia amlete.

Ili jambo hili lieleweke, inabidi nirudi miaka kumi na moja nyuma. Tulikuwa wasichana watatu wa kidato cha pili, wote wa miaka kumi na tano. Bosi wetu, ambaye ndiye aliyelipia filamu, alikuwa mmiliki wa maduara mawili, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Alikuwa mtoto wa wakulima wa pamba kutoka Kishapu, mtu mwenye kucheka sana na asiyependa kukaa peke yake. Duara lake moja lilipotema dhahabu, wenzake walijenga nyumba za wageni au wakaoa tena. Yeye aliamua kutengeneza wasanii. Natumia neno hilo kwa makusudi, kwa sababu hakututafuta. Alitutengeneza.

Alifika shuleni kwetu na gari, akatupanga uwanjani kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani, akatuambia tutembee, tugeuke, tucheke. Mimi na yule wa tatu, ambaye sasa ameolewa Chato na siku ya filamu hakuja, tulichaguliwa kwa kutembea. Mwenzangu alichaguliwa akiwa hata hayupo kwenye mstari. Alikuwa anafagia darasa na kuimba wimbo wa kwaya ya kanisani kwao, na Bosi akauliza ile redio imewashwa wapi.

Tulifanyia mazoezi katika ghala la pamba lililoachwa, mwendo mfupi kutoka kwenye mnada. Pamba ya miaka iliyopita ilikuwa bado imenata kwenye kuta, tukirudi nyumbani tuna nyuzi nyeupe kichwani. Bosi alituandikia majibu ya mahojiano kwenye vipande vya maboksi ya sabuni. Tukiulizwa tumekutana wapi, tuseme sisi ni mabinamu. Tukiulizwa chakula tunachopenda, tuseme chipsi kuku, ingawa hakuna aliyekuwa akila chipsi kuku nyumbani kwao. Alitukataza kuongea Kisukuma mbele za watu. Alitukataza kula barabarani, maana msanii akionekana anatafuna muhogo, watu watajua kwamba ana njaa kama wao. Tulitakiwa kucheka kwa kuonyesha meno ya juu tu. Nilijifunza cheko hilo haraka kuliko wote, na hadi leo hunitoka ninapopigwa picha ya kitambulisho.

Nilikuwa mtoto wa kuuliza maswali. Nilimuuliza mwalimu wa dini kwa nini Mungu anahitaji kuombwa ilhali anajua kila kitu, nikachapwa. Nilimuuliza baba yangu kwa nini ng'ombe wa mahari wanakwenda kwa baba na si kwa binti, akaniambia nitakosa mume. Nyumbani na shuleni nilijulikana kwa hilo, nami nilijivunia. Nilidhani mtu anayeuliza hawezi kuwa na hatia, kwa kuwa hatia ni ya wale wanaojibu.

Mwenzangu alikuwa na kovu. Akiwa na miaka mitatu aliangukia chungu cha uji, ukamuunguza kuanzia taya la kushoto hadi shingoni, na ngozi ilipopona iliuvuta mdomo upande mmoja. Akiimba, upande ule haukufunguka vizuri. Sauti ilipita tu. Sijui nieleze vipi sauti ile. Wachimbaji waliokuwa wakipita nje ya ghala na mifuko ya mawe begani walikuwa wanasimama bila kuishusha.

Siku tulipojaribu mavazi kwa mara ya kwanza, Bosi alileta kioo kikubwa, akakiegemeza ukutani. Tukasimama watatu mbele ya kioo. Mwenzangu alikuwa katikati. Nilitazama kioo kwa muda, kisha nikauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa:

"Kwani lazima wote tusimame mbele?"

Mwenzangu alijitazama, akarekebisha mkanda. Bosi alikuna kidevu.

Wiki iliyofuata Bosi alituita, akatuambia amekwenda kwa mganga wake na amepewa masharti. Hapa lazima niseme jambo ambalo watu wa huku wanalijua bila kuambiwa. Duara haliendeshwi bila mganga, na mganga hatoi dawa bila masharti. Duara moja wachimbaji hawaogi kabla ya kushuka, jingine hawali samaki, jingine mwanamke hakatizi mbele ya shimo. Mwenye duara anayatii masharti hayo hata kama amesoma, kwa sababu siku mwamba ukianguka ataulizwa kama aliyafuata. Bosi alituendesha sisi kwa utaratibu huohuo wa duara. Mganga alikuwa amesema kwamba sauti ni kama jiwe lenye dhahabu: likionekana na watu wengi kabla ya wakati wake, linageuka kokoto. Kwa hiyo mwenye sauti asionekane. Aimbe akiwa amefichwa, mpaka kundi litakapotema.

Nilicheka masharti hayo. Nilimwambia mwenzangu ni ujinga, mganga hajui hata muziki ni nini. Nililaani ushirikina kwa maneno makali ya mtoto wa kidato cha pili. Kisha Jumamosi nikapanda juu ya Fuso, lori la Bosi, nikasimama mbele, nikafungua mdomo.

Tulifanya maonyesho minadani, Fuso likiwa ndilo jukwaa. Huku kwetu mtu akitaka kumtunza mwimbaji, anataka jina lake litajwe ndani ya wimbo palepale, pamoja na jina la duara lake na sifa za ukoo wake, la sivyo hatoi kitu. Kanda haiwezi kufanya hivyo. Ndiyo maana mwenzangu alikaa ndani ya kabini ya Fuso, vioo vimepandishwa, turubai limening'inizwa nyuma ya kichwa chake, kipaza sauti mkononi. Kijitundu kimoja tu kiliachwa ili mtu apate kumnong'oneza majina. Nami juu, mbele ya watu, nilipaswa kujua ni wakati gani anataka kuchomeka jina. Tukafunga kamba, ile ya kushonea magunia, ncha moja kwenye kifundo changu cha mguu wa kushoto na nyingine kwenye kidole chake. Akivuta mara moja, nifunge mdomo. Akivuta mara mbili, nifungue, jina linakuja.

Joto la ndani ya kabini saa nane mchana, juani, mwezi wa tisa, sikulifikiria. Alikuwa akishuka baada ya watu kutawanyika, nguo zimemgandia mwilini, na sisi tumeshakunywa soda zetu. Mara moja tu alilalamika. Alisema kamba inamkata kidole. Nilimwonyesha kifundo changu, nikamwambia na mimi inanikata.

Tulidumu mwaka mmoja na miezi kadhaa. Tulijulikana kuanzia Shinyanga hadi upande wa ziwa. Kisha duara likajaa maji, Fuso likauzwa, na Bosi akapata shughuli nyingine. Mwenzangu alikuwa amekosa masomo mengi kuliko sisi, kwa sababu yeye ndiye aliyepelekwa huku na huko kurekodi. Alifeli mtihani wa kidato cha pili, hakurudia. Mimi nilipita kwa taabu. Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu, shabiki wetu, aliyewahi kutajwa kwenye wimbo akalia machozi, alisema hawezi kuona mtoto mwenye sauti kama ile akikosa shule. Alinisomesha hadi chuo kikuu. Nilisoma sosholojia. Mwaka wa tatu niliandika kazi ndefu juu ya waganga na machimbo, jinsi masharti yanavyotumika kuficha maamuzi ya wenye nguvu. Nilipata alama nzuri. Kwenye kazi ile niliandika kwamba msichana mwenye kovu alifichwa kwa uamuzi wa mmiliki, na mganga akatumika kama muhuri. Swali langu mbele ya kioo sikuliandika.

Sasa nimerudi Kahama, bila ajira, nawachapia watu barua za maombi ya kazi katika duka la vifaa vya ofisi. Mwenzangu alikwenda machimboni, akafanya kazi kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, miaka minane akichekecha unga wa mwamba. Vumbi lile limemaliza kifua chake. Anaongea kama mtu anayekwaruza sufuria.

Hilo ndilo mwanawe analolisikia kila siku. Na sauti hiyo ndiyo iliyomwambia kwamba zamani iliimba.

Filamu ikaanza. Ilikuwa na muziki wa taratibu na picha za mnada zilizochukuliwa na mpiga video wa harusi wa wakati ule, zenye rangi ya chai. Bosi, ndevu nyeupe sasa, alikaa kwenye kiti cha mwanzi akisimulia jinsi alivyotukuta bila chochote akatufanya nyota. Aliyaeleza maboksi ya sabuni, watu wakacheka. Alieleza cheko la meno ya juu, wakacheka zaidi. Kila alichotufanyia kilikuwa kimegeuka utani mtamu, na watu walikitafuna. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa anapangusa macho. Alisema enzi zile watoto walikuwa na heshima. Nilimtambua. Enzi zile alikuwa amemkataza binti yake asiongee nasi, eti tumeshakuwa wanawake wa machimboni. Nilitamani kugeuka nimuulize ni heshima ipi anayoililia, lakini taa ya projekta ilikuwa imeniangukia, na mtu mwingine alikuwa ananipiga picha. Nikacheka kwa meno ya juu.

Kisha nikatokea mimi kwenye skrini, mtoto wa miaka kumi na tano juu ya Fuso, na sauti ile ikatoka.

Sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi. Mtoto aliyekaa kati yetu alinyoosha shingo. Alitazama mdomo wangu kwenye skrini, akanitazama mimi, akatazama skrini tena. Mama yake alimwinamia, akamwambia kwa sauti yake ya kukwaruza atazame mguu, aone kamba. Mtoto akatafuta mguu. Ilikuwepo kweli, mimi niliiona, mstari mwembamba kwenye mbao za Fuso. Kabla mtoto hajaiona, picha ikahamia kwa watu waliokuwa wakicheza vumbini.

Nilisubiri mahojiano yangu. Yalikuja. Nilionekana nimekaa mbele ya rafu ya vitabu ambayo si yangu, nikisema, "Tulikuwa watoto, tulipendana sana." Hayo ndiyo yaliyobaki katika asubuhi nzima. Mwenzangu alitokea mara moja, kwa nyuma, amebeba boksi la nyaya akielekea kwenye kabini. Bosi akasema kwa upole kwamba nyuma ya kila nyota kuna wale wasioonekana, wanaobeba vifaa, na kwamba anawashukuru.

"Yule wa boksi ndiye wewe?" mtoto alimuuliza mama yake.

Mama yake aliendelea kutazama skrini.

"Uliniambia unaimba."

Alisema bila kunong'ona, kama watoto wasemavyo, na watu wa mstari wa mbele wakageuka. Kijana mmoja akacheka. Akasema kila mama ana zamani yake, wa kwake naye humwambia alikuwa mlimbwende wa wilaya. Wenzake wakaangua kicheko. Mwenzangu akavuta kilemba, akakishusha zaidi juu ya taya, akamshika mwanawe mkono ili waondoke. Mtoto alikataa. Alitaka kuona mwisho.

Filamu ilipokwisha, watu walisimama wakapiga makofi na vigelegele. Bosi alipanda mbele na kipaza sauti. Akaniita kwa jina langu la jukwaani, akasema msomi wetu huyu, na akaniomba niwasalimie watu. Nilikwenda. Nilikuwa na hasira nzuri, ile inayompa mtu maneno. Nilisema kwamba sauti waliyoisikia si yangu, ni ya yule mama aliyekaa mstari wa pili mwenye kilemba, kwamba alifichwa ndani ya gari kwa sababu ya kovu lake, na kwamba filamu hii imemficha mara ya pili.

Nilidhani ukweli ukisemwa kwa sarufi nzuri utasimama wenyewe. Watu walipiga makofi. Bosi alipokea kipaza sauti, akaniwekea mkono begani.

"Mnaona wasanii wetu walivyolelewa?" alisema. "Bado ananyenyekea. Anamtukuza hadi aliyembebea nyaya."

Wakapiga makofi zaidi. Yule mama wa nyuma akapaza sauti kwamba Mungu anibariki. Nilimtazama mtoto. Alikuwa ananikodolea macho kwa namna ninayoijua, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nikiwatazama walimu. Hakuamini chochote. Mtu mzima alikuwa amesema jambo, na kwake hilo halikuwa ushahidi.

Akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Basi imba," akasema.

Watu wakapenda. Wakaanza kupiga makofi kwa mdundo, wakiutaja wimbo wetu mkubwa. Bosi aliacha kucheka. Alijua. Alijaribu kusema muda umekwenda, kuna chakula nje, lakini umati wa huku ukitaka wimbo hauondoki, na safari hii hakukuwa na Fuso la kuwasha na kuondoka.

Ningeweza kukataa. Ningesema nina mafua, wangeniacha, na ningebaki mwenye sauti nzuri, mnyenyekevu, msomi. Nilifikiria hayo yote. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuyafikiria, na sitaki kusema kwamba sikuvutwa.

Nikaimba. Niliimba ubeti wa kwanza wote na kiitikio, bila muziki, kwa sauti yangu niliyozaliwa nayo, ambayo ni nyembamba na haifiki juu. Ilipasuka mahali pale ambapo watu walikuwa wakisimama na mifuko begani. Makofi yalipungua, yakakoma. Mtu akaguna. Yule kijana wa mstari wa mbele alisema chuo kimeiua sauti ya dada wa watu, na wengi wakakubali. Nilisikia wakielezana nyuma kwamba ndivyo vitabu vinavyofanya. Hata hapo walipata namna ya kunitetea.

Lakini mtoto hakuwa ananitazama tena. Alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti, amepiga magoti, anautazama mdomo wa mama yake. Mwenzangu alikuwa anautamka ubeti ule, kila neno kwa wakati wake, bila sauti.

Niliwafuata nje. Walikuwa wamesimama kivulini kando ya ukuta, mbali na masufuria ya pilau, mama anakohoa, mtoto ameshika kanga yake. Nilimwambia mwenzangu anisamehe. Nilimwambia lile swali la mbele ya kioo, kwamba mimi ndiye niliyeuliza, kwamba masharti yalianzia pale.

"Nilikuwepo," alisema. "Nilisikia."

Alikohoa tena, akatema mate pembeni, akayafukia kwa kiatu. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Hivi ulivyoimba leo. Ungeweza kuimba hivyo siku yoyote, pale juu. Mara moja tu."

Gari la machimboni lilipiga honi barabarani. Mtoto aliachia kanga ya mama yake, akachuchumaa mbele yangu, akapandisha kidogo pindo la suruali yangu ya kushoto. Alitafuta alama. Haikuwepo, kwangu ilipona zamani. Akainuka, akachukua mkono wa kulia wa mama yake, akaanza kuvigeuza vidole kimoja kimoja wakiwa wanatembea kuelekea kwenye gari, na kwenye kidole cha shahada akasimama.